Injini ya boti ilivyogoma, na waya mzima kwa nje kumbe umeoza ndani

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Moshi, kijiwe changu kiko Pasua, injini za boti nilikuwa sijawahi kuzigusa. Sasa mjomba wangu ana boti la kuvusha watu na mizigo Nyumba ya Mungu, lile bwawa la Kikuletwa na Ruvu, akanipigia anasema "mjomba, stata inalia tak basi, wiki ya pili hii navuta kamba mpaka bega limevimba." Stata ni ile mota ya umeme inayozungusha injini iwake. Fundi wa kwanza alishamwambia anunue stata mpya, na betri alikuwa ameshanunua mpya, hela imekwenda na tatizo liko palepale. Iliniuma kweli.

Nikaenda na mita yangu. Betri ikasoma volti 12.6, hapo wengi ndo wanapokosea wanasema umeme upo, lakini betri ikiwa imetulia haikwambii chochote kuhusu waya, lazima upime stata ikiwa inavuta. Nikachomoa klipu ya kamba ya usalama ili injini isiwake, nikahakikisha gia iko nyutro, fyuzi nikaiangalia nzima, nikamwambia mjomba ashike swichi sekunde tatu nne tu. Kwenye betri zikabaki 11.9, sawa kabisa. Nikahamia kwenye stata yenyewe, 8.4! Volti tatu na nusu zinapotelea njiani.

Sasa zinapotelea wapi. Hapa unaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kule waya unapoishia, mtu anapiga stata, ikizidi nusu volti ujue njia hiyo ina shida. Upande wa pozitivu kupitia solenoidi, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata, nikapata 0.3. Upande wa negativu, toka betri mpaka kwenye bodi ya injini, 3.2. Basi nikaanza kuupapasa ule waya, kwa nje unang'aa hauna hata mchubuko, ila karibu na tamino, kile kichwa cha chuma cha kufungia waya, ukiukunja unasikia kama mchanga ndani. Nikapasua mpira kwa kisu, ukamwagika unga wa kijani, nyuzi za shaba zilizobaki unazihesabu.

Nikarudi mjini kununua waya mnene wa stata, wa shaba halisi, nikabana tamino vizuri, pale kwenye bodi nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe maana rangi nayo inazuia umeme, nikafunga nati nikapaka grisi juu. Mjomba kugusa swichi tu ikazunguka ikawaka, boti likiwa majini maana nje ya maji impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza injini, inaungua haraka sana.

Kijana mmoja pale akasema tuchomoe tamino ya betri injini ikiwaka tuone kama inachaji. Nikamkatalia kabisa jamani, msifanye hivyo, volti zinapanda ghafla zinaua rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri. Nikapima tu na mita, ukikanyaga moto kidogo inapanda 14.1, chaji ipo.

Mjomba akanipa perege ndoo nzima, na kile kipande cha waya nimekitundika hapa kijiweni, mteja akija anasema stata imekufa namwonyesha kwanza hicho ndo natoa mita.