Wali, Pweza na Kilomita 42: Kula Vizuri Mtwara Wakati wa Mazoezi

Watu wengi wakisikia kwamba ninajiandaa kukimbia marathoni hunionea huruma kwa sababu ya chakula kuliko kwa sababu ya kilomita. Wanaamini kwamba mkimbiaji huishi kwa mayai ya kuchemsha, kuku asiye na chumvi na majani, na kwamba mgahawa kwake ni mahali pa kupita akiwa amegeuza uso. Maswali kuhusu ninachokula yameongezeka tangu Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni huko Tokyo, akilingana muda na Mjerumani Amanal Petros, saa 2:09:48 kila mmoja, hata ikabidi picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iamue mshindi. Jibu langu ni kwamba, kwa mtu anayeishi Mtwara, mazoezi ya marathoni ni ruhusa ya kula vizuri, na kinachohitaji nidhamu zaidi ni saa ya kula kuliko chakula chenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kwa wastani, mwili hutumia takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita inayokimbiwa, kwa hiyo mtu wa kilo 65 anayemaliza kilomita 42.195 huunguza zaidi ya kilokalori 2,700. Akiba ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini, ambayo huitwa glaikojeni, hutosha kwa takribani kilokalori 2,000 tu. Mafuta ya mwilini yapo tele, lakini huungua polepole mno kuweza kuubeba mwendo ule ule, na ndiyo maana wengi hulegea ghafla baada ya kilomita ya 30. Katika vikundi vyetu vya jogging wapo waliojiunga ili kupunguza kitambi, na kwao kuukwepa wali wa usiku ni uamuzi wenye maana. Tatizo huanza pale ushauri wao unapomfikia mtu anayekimbia kilomita 60 kwa wiki, naye akauacha wali, akaacha muhogo, akaacha chapati, kisha akashangaa kwa nini kila mazoezi yanamtoa roho.

Mimi nimekataa ushauri huo. Ugali wa muhogo, wali wa nazi, viazi vitamu, vitumbua na ming'oko ya kuchemsha inayouzwa mtaani kwa chumvi na pilipili, vyote ni wanga, na vyote ni vyakula ambavyo watu wa Kusini wamevila tangu zamani huku wakilima, wakivua na kutembea mwendo mrefu kwa miguu. Mtu anayeagiza jeli za wakimbiaji kutoka Dar es Salaam kwa bei ya kutisha, ilhali kilo ya tende ipo sokoni, ana fedha nyingi kuliko mimi.

Usiku wa kuamkia mazoezi marefu ndio wakati pekee ambapo sahani yangu huwa ya kukatisha tamaa. Mbaazi za nazi, ambazo kwa maoni yangu hakuna mikoa inayozipika kuishinda Mtwara na Lindi, usiku huo siziombi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake pamoja na tui zito hukaa tumboni muda mrefu, na barabara ya kwenda Mikindani haina vyoo vya kutosha kwa mtu mwenye dharura. Mama lishe ninayekula kwake amekwisha kuielewa ratiba hiyo, ingawa hajaikubali.

"Mwanangu, leo tena mbaazi hutaki? Ina maana kesho unakimbia?"

"Ndiyo, mama. Niwekee wali mweupe mwingi, kipande cha samaki na mchuzi kidogo tu."

"Haya. Nitakufunikia za kesho mchana, maana hicho unachokula wewe ni chakula cha mgonjwa."

Ana haki ya kusema hivyo, lakini wali mweupe mwingi ndio unaojaza akiba ya glaikojeni bila kulichosha tumbo. Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, huongeza ndizi mbivu na chai ya tangawizi yenye sukari, kisha huondoka kabla jua halijachomoza. Miezi hii ya kaskazi haina msamaha. Ikifika saa mbili, joto na unyevu wa bahari vinakuwa vimekwisha kumwezesha mtu kukamua fulana yake. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kilomita kumi na kidogo, ghuba ikiwa upande mmoja kwa sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo anayekwenda na kurudi amepata mazoezi ya kuridhisha, na anayetaka kilomita 30 huendelea mbele kwa njia ya Lindi kabla ya kugeuza. Kwa mazoezi marefu kama hayo wataalamu hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Mimi huzipata kwa tende zilizokwisha kutolewa kokwe, ambazo huzifunga kwenye kitambaa safi mfukoni. Dafu nalo ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoka na sodiamu zaidi. Kwa hiyo mtu aliyetoka jasho jingi huongeza chumvi kidogo, au hulinywa pamoja na kitu chenye chumvi.

Raha yenyewe huanza baada ya hapo. Mikindani ni mji wa kale wenye nyumba za mawe, ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 sasa ni hoteli. Kuna Jumapili ambazo mimi na wenzangu huanzia mazoezi Mikindani na kumalizia hapo hapo, ili tukae mezani bila kulazimika kutafuta usafiri kwanza. Mara nyingi zaidi hula Shangani, hapa Mtwara mjini, karibu na ufukwe, pamoja na familia ambayo haikukimbia hata hatua moja lakini huagiza kana kwamba imekimbia.

Anayekwenda kula samaki hapa baada ya mazoezi lazima ajue jambo moja: mgahawa mzuri wa samaki hauna haraka. Samaki huparuliwa magamba, hukatwa mistari ubavuni, hupakwa ndimu, kitunguu saumu na chumvi, kisha huwekwa juu ya mkaa uliokwisha kutulia, na tui lenye ukwaju hupakwa kidogo kidogo upande mmoja, akageuzwa, likapakwa upande wa pili, mpaka ngozi ianze kushika rangi ya kahawia na tui kukauka likiacha utando mzito wenye mafuta. Kazi hiyo ikiharakishwa, samaki huungua nje na kubaki mbichi karibu na mfupa. Kwa upande mwingine, mwili uliokimbia saa tatu huhitaji wanga mapema, takribani gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa katika zile saa chache za mwanzo, pamoja na protini ya kujengea misuli upya. Suluhisho langu ni kupiga simu mapema. "Dada, changu wapo leo?" "Kolekole wapo, kaka, changu bado, boti haijaingia." Basi kolekole anaanza kupakwa tui nikiwa bado naoga, nami huwa nimekwisha kula vitumbua viwili na chai ya sukari nilipofika nyumbani. Kipande kinene cha kolekole cha gramu 150 hivi kina protini inayokaribia gramu 30, na hiyo inatosha kabisa kwa mlo mmoja. Wali na kachumbari vinamaliza kazi iliyobaki.

Jioni za katikati ya wiki, mazoezi yakiwa mafupi, mimi ni mteja wa pweza. Muuzaji huutoa mnyiri kwenye sufuria, huukata vipande vyembamba juu ya ubao kwa kisu kilichochongoka kwa kunolewa miaka mingi, na mteja huchoma kipande kwa kijiti, akachovya kwenye pilipili na kumalizia kwa kikombe cha supu yenye ndimu. Yanayosemwa kuhusu nguvu za supu hiyo kwa wanaume sina haja ya kuyarudia, na wala hayanihusu nikiwa na mazoezi kesho yake. Ninachokijua ni kwamba pweza ana protini nyingi na mafuta kidogo sana, na kwamba supu yenye chumvi baada ya jasho la jioni ni kinywaji bora kuliko vile vya chupa vyenye rangi ya buluu.

Kipindi hiki cha mazoezi kinaangukia pia kwenye msimu wa korosho. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanakuwapo, matamu na yenye ukakasi, yenye vitamini C nyingi na maji yanayoacha madoa yasiyotoka kwenye fulana. Malipo ya mnada wa korosho yakiingia, mji unachangamka na meza za migahawa hujaa. Korosho zenyewe huzitafuna alasiri, kiganja kimoja, wala sizigusi karibu na saa ya kukimbia, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kiganja hicho kimoja, nakiri, huwa kikubwa.

Mwisho wa Februari tunakwenda Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Safari ni ndefu, Mtwara hadi Dar es Salaam kisha Dar hadi Moshi, na chipsi kuku za vituo vya mabasi sitazila. Nitabeba mikate ya kumimina, ndizi na maji yangu mwenyewe. Siku mbili kabla ya mbio ni wali, wali na wali, kwa sababu si wakati wa kuliletea tumbo mambo mapya. Mwenyeji wetu ameahidi mtori na ndizi nyama, nami nimekwisha kumwomba asiviinjike mpaka Jumapili mchana, wakati tutakapokuwa tumeshamaliza kile kilima cha Mweka. Kwa upande wetu tunampelekea kilo tano za korosho, ikiwa hatutazianza njiani.