Usiutupe Kabla ya Kuukata

Mtu akiniambia mkate wake umeharibika, swali langu la kwanza huwa: umeukata? Mara nyingi jibu ni hapana. Ameubonyeza kwa nje, akauona mgumu au umebonyea juu, akautupa, na jioni hiyohiyo akaanza kutafuta mapishi mengine. Nami nilianza hivyo. Nilibadilisha mapishi mfululizo, na mikate ikaendelea kutoka mizito, mifupi, iliyopasuka ubavuni. Kilichonitoa hapo ni kisu na daftari. Nilianza kuupasua kila mkate katikati, uwe mzuri au mbaya, nikaangalia ndani, kisha nikaandika nilichokiona pamoja na vipimo vya siku ile: unga kiasi gani, maji kiasi gani, jikoni palikuwa na joto gani, donge lilikaa muda gani. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye mikate yake ya mwanzo imemvunja moyo, kwa sababu mkate ulioharibika umebeba maelezo yake ndani, na maelezo hayo yanasomeka.

Chukua mkate mzito. Ukiukata unakuta vitundu vidogo vilivyobanana, na chini kuna tabaka lililoshikana, linanata kwenye kisu. Wengi husema hamira haikufanya kazi. Inawezekana, lakini ipo njia ya kuhakikisha. Hamira ikiwa imekufa, mkate hubanana wote kuanzia juu mpaka chini, na donge lenyewe halikusogea tangu lilipokuwa kwenye bakuli. Hamira ikiwa hai ila haikupewa muda, ndani huwa hapalingani: hapa pamebanana, pale pana shimo kubwa peke yake, na mara nyingi mkate umechanika ubavuni, karibu na chini. Kuchanika huko kunatokea kwa sababu donge liliingia kwenye oveni likiwa bado na nguvu nyingi ya kupanda, ganda likawahi kukauka, hewa ikatafuta pa kutokea. Mikate yangu mingi ya mwanzo ilikuwa ya aina hii ya pili, nami nilikuwa nikiilaumu hamira na kuiongeza kijiko kwa kijiko. Kuongeza hamira hakukusaidia kitu zaidi ya kuupa mkate harufu kali.

Hamira yenyewe ni kiumbe hai, kuvu wa seli moja ambaye wanasayansi humwita Saccharomyces cerevisiae. Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, ndiye aliyethibitisha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Kwa mwokaji wa nyumbani hilo lina maana moja kubwa: unaweza kuwaua. Joto likifika karibu nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi hamira hufa, na maji ya birika yaliyopoa kidogo tu bado yako juu ya hapo. Ile hamira ya chembechembe inayoamshwa kwanza hupenda maji ya nyuzi 38 hadi 43, yaani kidole kinakaa ndani bila kutamani kutoka. Ile laini zaidi huchanganywa moja kwa moja na unga, na haihitaji maji moto kabisa. Kama huna uhakika na pakiti iliyokaa kabatini, weka kijiko kimoja cha hamira na kijiko cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Baada ya dakika kumi pawe na povu la kuonekana wazi. Hakuna povu, usipoteze unga wako.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi kuliko yote ni muda, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mapishi mengi husema: acha donge liumuke kwa saa moja, au mpaka liongezeke mara mbili. Nilikuwa nasoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Saa moja ikitimia, natoa donge, nalitengeneza, naliweka kwenye bati. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba mikate ya asubuhi na mapema ilikuwa mizito na mikate ya mchana ilikuwa mizuri, ilhali vipimo vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa joto la jikoni. Donge lililo kwenye chumba cha nyuzi 18 huenda polepole sana likilinganishwa na lile lililo kwenye nyuzi 28, na saa ya ukutani haijui hilo. Aliyeandika mapishi aliandika saa moja ya jikoni kwake.

Tangu hapo nimeacha kulikadiria donge kwa macho, kwa sababu bakuli pana hudanganya. Nakata kipande kidogo cha donge mara tu nikimaliza kukanda, nakiweka ndani ya glasi iliyonyooka, nakisawazisha, na kufunga mpira wa bendi mahali kilipoishia. Glasi inakaa kando ya bakuli. Kipande kikifika mara mbili ya ule mpira, donge kubwa nalo limefika. Siku ya baridi hiyo ni saa mbili na zaidi, siku ya joto dakika hamsini zinatosha. Kwenye kuumuka kwa mara ya pili, mkate ukiwa tayari ndani ya bati, natumia kidole chenye unga: nabonyeza taratibu, naondoa. Shimo likirudi upesi na kufutika, bado. Likirudi polepole na kubakiza alama, washa moto. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Kuchelewa nako kuna sura yake. Mkate huo hutoka umelala, juu pamebonyea au pamejikunja, na ukiukata unakuta mashimo makubwa chini ya ganda na sehemu ya chini imeshuka. Ganda linakuwa jeupe hata ukiliongezea dakika, kwa sababu hamira imekula sukari ambayo ingelipa ganda rangi. Wakati mwingine unanusa harufu ya pombe. Nilipoiona sura hii kwa mara ya kwanza nilifurahi kweli, maana nilikuwa nimeshaijua ile nyingine, na sasa nilikuwa na mipaka ya pande zote mbili. Mkate mzuri uko katikati yake.

Waokaji wa kazi hawasubiri donge liwaambie. Wanapanga joto lake tangu mwanzo. Kuna hesabu rahisi nimeichukua kwao. Amua unataka donge liwe na joto gani baada ya kukanda, tuseme nyuzi 25. Zidisha kwa tatu, upate 75. Toa joto la chumba, toa joto la unga, kinachobaki ni joto la maji. Chumba kikiwa 20 na unga 20, maji yawe 35. Chumba kikiwa 29 na unga 28, maji yawe 18, yaani ya baridi. Kwa anayekanda kwa mikono hesabu hii inatosha. Mashine huongeza joto lake, kwa hiyo maji yapunguzwe tena kidogo. Kipimajoto kidogo cha jikoni ndicho kifaa ninachomshauri mtu anunue mapema, baada ya mizani.

Mizani nayo haina mjadala. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukiuchota kwa kijiko na kuumwaga taratibu, na kikavuka 150 ukikichovya moja kwa moja kwenye mfuko. Kwa mkate mmoja tofauti hiyo inakuwa kubwa mno. Mimi sasa naanza na unga gramu 500, maji 325, chumvi 10, na hamira laini 5. Waokaji huhesabu kila kitu kwa asilimia ya unga: hapo maji ni 65, chumvi 2, hamira 1. Sasa fikiria umekusudia gramu 500, vikombe vikakupa 600, na maji ni yaleyale 325. Maji yameshuka mpaka asilimia 54. Hilo ni donge jingine kabisa, gumu, lisiloweza kutanuka, na mkate wake utautambua ukiukata: vitundu vyote vidogo, sawasawa, na mkate unakauka siku ileile.

Chumvi ninaikumbuka kwa sababu ya mdogo wangu. Siku hiyo donge lilipanda haraka isivyo kawaida, mkate ukatoka mpana, wenye sura ya kuvutia. Alitafuna kipande, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Dada, chumvi umeweka kweli?" Haikuwemo. Na daftari likaniambia kwa nini donge lilikimbia vile: chumvi huipunguza hamira mwendo na kuikaza gluteni, yaani ule utando wa protini unaoshika hewa ndani ya donge. Gramu kumi zinafanya kazi nyingi kuliko ladha.

Kuhusu kukanda, ninaamini watu wengi huharibu mkate kwa woga wa kunata. Donge lenye maji ya kutosha hunata mwanzoni, na jambo la kwanza mkono unalokimbilia ni kuongeza unga. Ukinyunyiza hapa na pale kwa dakika kumi umebadilisha vipimo vyote ulivyopima kwa uangalifu. Subira inafanya kazi bora zaidi. Protini mbili za ngano, glutenini na gliadini, zikikutana na maji huanza kuungana zenyewe kuwa gluteni, hata usipozigusa. Profesa wa uokaji wa Ufaransa, Raymond Calvel, aliieleza njia hii mwaka 1974: changanya unga na maji tu, acha dakika 20 hadi 30, ndipo uweke chumvi na kukanda. Nilipoijaribu, donge lililokuwa linashika vidole likawa laini, linavutika, na kukanda kukapungua karibu nusu. Mwaka 2006 mwokaji wa New York, Jim Lahey, aliwashangaza wengi kwa mkate usiokandwa kabisa: maji mengi, hamira kidogo sana, na donge likaachwa saa 12 hadi 18. Muda ndio uliokanda.

Kujua kama umekanda vya kutosha, kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole pande zote. Kikitanuka mpaka mwanga upite bila kuchanika, inatosha. Kikikatika mapema, kipumzishe dakika tano na uendelee. Na angalia pakiti: unga wenye protini gramu 12 au zaidi kwa kila gramu 100 hubeba mkate vizuri. Unga wa keki, wenye 7 hadi 9, hautakupa vitundu vyenye kuta imara hata ukande usiku kucha.

Oveni nitaipitia haraka. Ya kwangu, nilipoweka kipimajoto ndani, ilikuwa chini ya kile kinachoandikwa kwenye kitufe kwa takribani nyuzi 30, na hilo lilieleza mikate mingi iliyopauka. Mkate usio na mafuta wala sukari nyingi unataka 220 hadi 230, oveni iwe imeshapata moto kabla mkate haujaingia. Bati la maji moto chini yake kwa dakika kumi na tano za mwanzo huliweka ganda laini ili mkate uweze kupanda. Ukiuchoma katikati kwa kipimajoto na kikasoma kati ya 93 na 98, umeiva.

Halafu usiukate ukiwa moto. Najua nimesema ukatwe, ila subiri saa moja. Ndani bado kuna mvuke, na wanga uliolainika haujakaa sawa. Ukiuwahi, utaona ndani panata na utadhani haukuiva, kisha kesho yake uongeze dakika zisizohitajika. Huo ni usomaji mbaya wa mkate ambao haukuwa na kosa.

Kanuni ninayoishikilia kwa nguvu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila mkate. Ukiongeza maji, ukabadilisha unga na kupandisha moto kwa pamoja, mkate ukiwa mzuri hutajua cha kurudia, na ukiwa mbaya hutajua cha kuacha.

Hivi sasa nashughulika na unga usiokobolewa, na mikate yangu inatoka mifupi tena. Nimeikata. Vitundu ni vidogo, kuta zimechanikachanika, lakini hapanati na hapana tabaka la chini, kwa hiyo si muda wala si moto. Pumba hunywa maji mengi na hukatakata gluteni. Nimeshapandisha maji mpaka asilimia 75 na donge limekuwa laini zaidi, ila urefu wa mkate haujabadilika sana. Mkate unaofuata nitaacha maji, chumvi, hamira na joto vilevile, na kubadilisha unga tu: theluthi moja usiokobolewa, theluthi mbili mweupe wenye protini nyingi. Ukipanda, nitakuwa nimejua ni kuta zilizokuwa dhaifu, na nitaanza kurudisha pumba kidogokidogo mpaka nione zinapoanza kuvunjika.