SAIS au LSE? Mie nshaamua

Majibu yote mawili ya maombi yangu ya masta yameingia, SAIS, skuli ya mahusiano ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Washington, na LSE, London School of Economics, na barazani Malindi hapa Unguja kila mtu ana lake. Yakhe, tusidanganyane, jina kubwa halilipi ada. SAIS masta ni miaka miwili, unaweza ukaanza Bologna, Italia, kisha ndo uende Washington karibu na Benki ya Dunia na mabalozi chungu nzima, raha hiyo, lakini kodi ya nyumba kwa dola miaka miwili analipa nani? LSE masta nyingi ni mwaka mmoja, na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ukiipata inalipa ada, tiketi na pesa ya kujikimu, sharti urudi kwenu miaka miwili, na mie kurudi ndo nnakotaka. Bi mkubwa kauliza suali moja tu, "Kuna baridi huko?" Koti nshaliona kwenye mitumba Darajani.