Siku Katalogi Ilipofungwa

Asubuhi ya kwanza ya muhula, programu ya katalogi ilikataa kufunguka. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe mmoja tu: muda wa leseni umekwisha. Nyuma ya ujumbe huo zilikuwamo rekodi za vitabu vyote vya maktaba ya chuo, tulizoziandika wenyewe kwa miaka, kadi baada ya kadi. Kampuni iliyotuuzia ilitaka ada ya mwaka kwa fedha za kigeni, na chuo hakikuwa nazo. Niliomba angalau watupe rekodi zetu katika faili linalosomeka kwingine. Wakajibu kwamba huduma hiyo nayo hulipiwa.

Hasira niliyoipata siku ile bado naiona ya haki.

Kilichotuokoa kilikuwa kabatini kwa mkutubi mkuu, mama asiyetupa kitu: diski za zamani zenye hifadhidata tuliyoitumia kabla ya hapo, ya CDS/ISIS. Wakutubi wa rika lake wanaijua vizuri. UNESCO iliisambaza bila malipo tangu 1985, na maktaba nyingi za nchi zinazoendelea zilianza kutumia kompyuta kwa sababu yake. Iliweza kutoa rekodi kwa muundo wa ISO 2709, kanuni ya kimataifa isiyo mali ya kampuni yoyote.

Fundi wetu wa kompyuta, kijana aliyeajiriwa karibuni, akapendekeza Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Programu hiyo ilianza kutengenezwa New Zealand mwaka 1999, pale maktaba za Horowhenua zilipoona mfumo wao hautavuka salama mwaka 2000. Zikaagiza mfumo mpya, kisha ukatolewa kwa yeyote chini ya GPL, leseni inayoruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuigawa programu. Tuliusimika kwenye kompyuta kuukuu yenye Debian, mfumo endeshi huria. Kwa wasomaji ilitosha mashine yoyote yenye kivinjari, na intaneti ilipokatika tuliendelea kuazimisha vitabu kupitia mtandao wa ndani.

Kazi kubwa ilikuwa kulinganisha sehemu za rekodi. Hifadhidata ya zamani ilikuwa na namba tulizojipangia sisi. MARC 21, kanuni ya kupanga rekodi za maktaba inayotumiwa na Koha, inataka mwandishi akae sehemu ya 100, jina la kitabu 245, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, 020. Mkutubi mkuu alisoma kila namba kwa sauti, nami nikaandika jedwali, na kijana akaligeuza kuwa programu ndogo ya kubadilisha faili.

Tulipoingiza rekodi jioni, vitabu vya Kiswahili na Kiingereza vilitokea safi. Vya Kifaransa na Kireno vilikuwa vimeharibika: kila penye é au ç palikuwa na takataka. Kijana alikuwa tayari amezigeuza herufi kutoka mfumo wa DOS wa kompyuta za zamani kwenda UTF-8, namna ya kuandika herufi za Unicode, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, na faili lenyewe lilionekana sawa.

Kwa programu ile iliyofungwa tungeandika barua na kusubiri. Yeye alifungua msimbo wa Koha, yaani maagizo yake yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, akaanza kusoma. Nilisimama nyuma ya kiti chake nisielewe mengi, ila nilimwona akinyamaza, akirudi juu, akishuka tena. Kisha akaniita: "Dada, njoo uone." Palikuwa na mahali ambapo programu huitazama nafasi ya 9 ya utangulizi wa rekodi. Ikikuta herufi "a", huichukulia rekodi kuwa ya Unicode. Ikikuta patupu, hudhani herufi zake ni za MARC-8, mfumo wa zamani wa maktaba. Rekodi zetu zote zilikuwa na patupu pale. Akaongeza mstari mmoja kwenye programu yake, tukaingiza upya, na majina yakasomeka.

Mara nyingi husikia programu huria ikisifiwa kwa nchi maskini kana kwamba fadhila yake ni bei. CDS/ISIS nayo haikuuzwa, lakini msimbo wake haukuwa wazi kwetu. Hata Koha ilitugharimu umeme, seva, na majuma ya kuchapa upya kutoka kwenye rejesta vitabu vilivyonunuliwa baada ya diski zile. Nilichokithamini ni kwamba kijana wa chuo kisicho na fedha aliweza kuketi, kusoma, na kujua.

Chuo jirani kilikuwa na hifadhidata ya ISIS kama yetu. Tuliwapelekea jedwali pamoja na programu ya kubadilisha, tukiwa tumeiwekea leseni ya GPL, na kijana akaenda kukaa nao mpaka rekodi zao zote zikaingia.