Siku moja na wembe, kioo na sumu ya nyuki

Saa 11 alfajiri. Giza bado halijaachia. Nyuki wetu hawa ukiwafuata jua likishawaka, utajuta.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Leo umefunga viatu?"

Mwezi uliopita mmoja aliniingia kwenye raba, na Babu hajasahau. Tunaweka kioo chenye nyaya mlangoni mwa mzinga. Umeme kidogo wa betri unawachokoza, wanachoma kioo na kuacha sumu juu yake, lakini mwiba haunasi kwa hiyo hawafi. Hewa inanukia ndizi mbivu. Ndiyo harufu yao ya kuitana vitani, nasi tunarudi nyuma.

Saa 2, maabara. Barakoa usoni, nakwangua kioo kwa wembe. Sumu ikikauka ni unga mweupe, mwepesi, ukipiga chafya umekwenda. Jasho lote la alfajiri linakaa kwenye ncha ya kijiko.

Saa 4, hadubini. Jana niliotesha seli za ngozi kwenye sahani, nikazichora mstari kwa ncha ya pipeti, mrija wa kupimia matone. Hicho ndicho kidonda chetu. Tunaangalia seli zinavyotambaa kukiziba, tujue kama sumu inasaidia kuponya. Karibu nusu ya sumu kavu ni melitini, mnyororo wa asidi amino 26 (vipande vinavyojenga protini) unaotoboa utando wa seli. Bakteria wanakufa, ila ngozi nayo haiponi ukizidisha. Sahani ya kipimo kikubwa cha sumu: seli zimejikunja, zinaelea. Ya kipimo kidogo: mstari umeziba nusu! Nikaanza kutabasamu, hadi nilipotazama sahani isiyotiwa kitu. Imeziba vilevile.

Saa 7, wali maharage. Mama ntilie ana dada mwenye kisukari na donda mguuni. "Mwanangu, niletee hiyo dawa." Nikamwambia haijawa dawa, na wapo ambao sumu ya nyuki huwaua kwa mzio, ampeleke kliniki wamsafishe. "Mbona vidonge vya presha vilitoka kwa nyoka?" Kweli, kaptoprili, dawa ya presha, ilianzia kwenye sumu ya nyoka jararaka wa Brazili, iliyochunguzwa miaka ya 1960. Kidonge kiliruhusiwa Marekani 1981, na ndani yake hamna sumu. Alinitazama kama mchoyo.

Saa 9 umeme ukakatika, pipeti mkononi. Nikafunga mlango wa inkubeta, kabati linalotunza joto la seli, nikakataza mtu asiuguse mpaka jenereta iwake.

Saa 12 jioni, mistari mipya, vipimo vidogo zaidi. Safari hii nimemwomba mwenzangu atie sumu yeye, na orodha ya sahani ipi imetiwa nini aifiche. Asubuhi macho yangu yalikuwa yanataka mno mstari uzibe.