Sio damu tu

Idi mosi tumekaa mkekani tunakula pilau, shangazi akamwangalia mtoto wa kaka yangu, ana miaka 9 tu, akasema huyu naye muwe naye makini, unga uko kwenye damu yao hawa. Mtoto kasikia, mkono ukabaki pale pale kwenye sinia.

Jamani lile neno limeniuma. Kaka yangu kala unga, yaani heroini, miaka 11, mtaa mzima Temeke walikuwa wanamwita teja, sasa hivi namshukuru Mungu kila asubuhi anawahi kliniki, anakunywa methadoni yake, ile dawa ya kuwasaidia walioacha unga, kwenye kikombe mbele ya nesi halafu huyo kibaruani. (Hii huduma Muhimbili walianza 2011, tungeijua mapema labda kitanda cha mama kisingeuzwa.)

Sisemi damu haina lake, wataalam wanakadiria karibu nusu ya hatari ya uraibu mtu anairithi, na mzee wetu alikuwa mlevi kweli kweli. Ila mbona mimi na kaka tumbo moja baba mmoja na mimi sijawahi kugusa? Tofauti ninayoiona ni kwamba nilivyofika miaka 6 bibi akanichukua Muheza, kaka akabaki. Yeye ndo alikuwa anatumwa gongo usiku, chupa ya soda imezibwa na gunzi, njiani anaonja, akirudi anakuta mama anapigwa, asubuhi anaambiwa ya ndani hayatoki nje. Darasa la sita akapata maskani, huko angalau kuna watu wanamuuliza vipi leo mbona umenuna, na hao hao ndo wakampa kete ya kwanza bure.

Kuna utafiti wa San Diego, Marekani, ulitoka 2003, waliulizwa watu wazima zaidi ya 8,000 kuhusu utoto wao, kama walipigwa, kama mzazi alikuwa mlevi, mama alipigwa, wazazi waliachana. Waliopitia matano au zaidi, uwezekano wao wa kusema wamewahi kupata matatizo na madawa ya kulevya ulikuwa mara 7 mpaka 10 ya wale ambao hawakupitia hata moja. Nikahesabu ya kaka kwa vidole, nilivyomaliza mkono mmoja nikaacha.

Jioni yule mtoto akanifuata, "Ba' mdogo, kwani damu yangu ina nini?" Tukatoka barazani tukakaa, nikaanza kumsimulia yote, kuanzia ile chupa na gunzi.