Msala wa ukindu kwa biharusi wa Wete

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliolewa Wete, Pemba, na mume anayeishi Muscat, Oman. Hilo la Muscat ndilo lililonipa kazi. Mtu akiolewa mtaa wa pili, zawadi haina shida: seti ya vyombo, blanketi, mapazia, na siku ukipita kwake utanyweshwa chai kwa vikombe vyako. Anayepanda ndege na kilo zake za kuhesabu, kila kizito kitabaki juu ya kabati la mama yake. Nilitaka achukue kitu cha kisiwani kwao, kiwe chake peke yake, na akitumie.

Nilianza kwa kuuliza. Mama mdogo aliniambia dhahabu imeshapangwa: upande wa mume wanaleta seti, na bibi yake mzaa baba amemwekea bangili tangu zamani.

"Usijitie kwenye dhahabu, mwanangu. Utanunua gramu mbili zipotelee humo."

Nilikubaliana naye, na nilikuwa na sababu yangu nyingine. Dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Siku akitaka kufungua biashara au kumsomesha mtoto, aiuze kwa moyo mweupe, asianze kufikiri kwamba ile pete alipewa na fulani. Kumbukumbu isiwe kitu ambacho shida inaweza kumlazimisha mtu akiuze.

Sanduku la njumu nililifikiria sana. Mafundi wa Unguja mjini bado wanayatengeneza: mbao ngumu, misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua, na vidroo vidogo ndani. Ni kitu cha kurithisha watoto. Lakini kulifikisha Muscat kungewagharimu wenyewe fedha nyingi, na mimi sioni raha ya kumpa mtu zawadi halafu nimwachie gharama za mizigo. Kanga nazo, biharusi wa kwetu hapungukiwi doti. Nikaamua kununua kisutu moja tu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwa mama zetu harusi haikuwa harusi bila ya hiyo, nikaiweka iwe ya kufungia zawadi yenyewe.

Aliyenielekeza ni somo wa biharusi, yaani kungwi wake. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huko aendako ataswalia nini?"

Nikamwambia Muscat misala ya kuswalia imejaa, ya mahameli, ya kila rangi.

"Imejaa. Lakini wa kwao atakuwa nao?"

Sikutafuta tena. Msala wa ukindu ni mwepesi, unazungushwa ukaingia popote, unatumika mara tano kwa siku, na ni wa mtu mmoja, hautandikwi sebuleni kwa ajili ya wageni.

Kupata msala ni rahisi, shughuli ni kupata ulio mzuri. Kwanza ujue unachokitazama. Jamvi, lile la kuanikia karafuu au kutandika penye watu wengi, husukwa kwa miyaa, ambayo ni migumu na haina haja ya urembo. Mkeka mzuri na msala ni kazi ya ukindu, makuti machanga ya mkindu yanayokatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa mpaka yakawa meupe, yakachanwa, ndipo yakatiwa rangi. Halafu geuza nyuma utazame mshono. Ulioshonwa kwa haraka ili uwahi sokoni huachia baina ya ukili, yaani utepe uliosukwa, na ukili mwingine, na ukiuvuta kidogo tu utaona mwanga unapita.

Somo alinipeleka kwa bibi mmoja shamba, nje kidogo ya Wete. Tulimkuta barazani na ukili mkononi. Chane zake zilikuwa kwenye beseni, zimefunikwa kitambaa kibichi, kwa sababu ukindu ukikauka hukatika vidoleni. Alituitikia salamu, akauliza habari za Unguja, akamkaripia mjukuu asiruke juu ya chane, na muda wote huo vidole havikusimama hata mara moja. Ukili wake ulikuwa mwembamba, umebana, kingo zimenyooka. Uliokwisha kusukwa alikuwa ameuzungusha ukawa duara kubwa pembeni yake, ukisubiri kushonwa ubavu kwa ubavu.

Nilimwambia nataka zambarau na pinki, ndizo rangi anazozipenda mdogo wangu.

"Zambarau nitakutilia pembeni, mjukuu wangu. Hapa pa kipaji tupaache peupe."

Akanieleza. Mtu anakuja kuswali ametoka kutawadha, uso na miguu bado mibichi. Rangi ya unga isipochemka sawasawa na ukindu huchuja, na anayesujudu juu yake huinuka na alama ya pinki usoni. Yeye rangi zake anaziamini, na ili niamini na mimi akachukua kipande cha ukili wa zambarau na kitambaa cheupe kilicholowa, akasugua kwa nguvu mbele yangu. Kitambaa kikabaki cheupe. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza namna ya kuchagua mkeka namwambia aende na kitambaa kibichi, na muuzaji akikataa asinunue.

Lililoufanya msala ule uwe wa mdogo wangu na si wa mtu mwingine yeyote ni ukingo. Bibi alisema anaweza kuupiga ukingo wa kitambaa ili usichanuke, akaniomba nimletee. Nilikwenda kwa mama mdogo, akafungua kabati akanitolea kanga iliyokwisha kupauka: mbeleko aliyombebea huyuhuyu biharusi alipokuwa mchanga. Alinikabidhi bila maneno mengi, ila akasema nisiikate yote. Tulichukua upande wa pindo tu, ambao rangi yake ilikuwa bado imeshika.

Bei sikumpunguza bibi. Nilimpa nusu mapema, nusu siku ya kuchukua, na hivyo ndivyo ninavyoona inafaa kwa kazi ya mikono ambayo mtu anaikalia wiki baada ya wiki. La muhimu zaidi ni kuagiza mapema. Pemba mambo mengi hufuata karafuu. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye mavuno makubwa. Harusi nyingi hungojea fedha za msimu, lakini msimu wenyewe ukifika wasukaji wanakuwa kwenye karafuu.

Zawadi sikuitoa ukumbini, penye vigelegele na watu kutunza. Nilimpelekea siku ya hina, chumbani, tukiwa wachache. Mikono na miguu ilikuwa na hina mbichi, hakuweza kushika kitu, kwa hiyo mama yake ndiye aliyeifungua kisutu na kuukunjua msala uliokwisha kufukizwa udi. Aliutazama ukingo kwanza. "Mama, hii si ile mbeleko?" Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, na sisi tuliokuwepo tukashughulika kuzuia machozi yasimwagikie ile hina.

Nilimwachia na maelekezo, maana ukindu una masharti yake. Usiukunje kama nguo, uuzungushe, kwa sababu mkunjo ndipo unapokatika. Usiuanike juani, rangi hupauka. Ukichafuka ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha uache kivulini ukauke kabisa kabla ya kuuweka, usije ukaota ukungu. Na kwa Muscat, kwenye hewa inayokaushwa na viyoyozi vya usiku kucha, aunyunyizie maji mara mojamoja, kwani ukindu uliokauka mno huvunjika.

Sasa mama mkwe wake ameutaka wa kwake, wa kijani, na ukingo wa kanga atakayoipeleka mwenyewe. Nimempa namba ya simu ya binti wa yule bibi. Jibu lililorudi ni kwamba angojee kidogo: karafuu zimeanza kuchumwa, na kila mwenye vidole hivi sasa anachambua makonyo.